Jinsi Bi Tabu Mashaka Alivyorekebishwa

Nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu yenyewe inajijua, ndiyo nchi pekee duniani ambako barua pepe ya serikali haijawahi kupotea. Sisemi haijawahi kuchelewa. Sisemi haijawahi kusomwa na asiyehusika, ikachekwa, ikasambazwa mpaka kwa wauza mitumba. Nasema kupotea. Mataifa mengine yana mabomu, yana theluji, yana treni zinazofika. Sisi tuna Mfumo. Andika neno moja tu kwenye kile kiboksi, bonyeza, na barua yoyote iliyowahi kuandikwa na mtumishi yeyote wa umma, kuanzia Ikulu hadi zizi la mbuzi wa serikali, inakuja mbio kama mbwa aliyeitwa kula.

Maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe kwenye kipeperushi cha Wizara ya Utafutaji na Upatikanaji. Kazi yangu hapo wizarani ilikuwa kuandika maelezo ya matoleo. Mafundi wakibadilisha kitu ndani ya Mfumo, mimi naandika ukurasa mmoja wa kuwaeleza wananchi kwamba kilichokuwa kizuri sasa ni kizuri zaidi. Kazi hiyo haihitaji digrii. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na mdomo.

Siku kipeperushi kilipotoka, Mheshimiwa Waziri alitaka kukituma kwa mabalozi wote. Akaandika kwenye kiboksi: kipeperushi. Mfumo ukazungusha kile kiduara chake, ukafikiri, ukajibu kwa adabu kubwa: Hakuna kilichopatikana. Je, ulimaanisha Mheshimiwa?

*

Naomba niwaeleze kidogo, maana najua wengine mnasoma haya mkiwa mmesimama foleni.

Ndani ya Mfumo kuna kitu kinaitwa faharasa. Mfikirie yule mama wa mtaani anayejua nani anakaa wapi: ukimtajia neno, anakuambia limo kwenye barua ipi. Neno asilolijua, basi kwako wewe barua hiyo haipo, hata kama imo humo ndani inapumua.

Sasa huyu mama wetu alifundishwa kusoma mistari michache ya mwanzo tu ya kila barua, asije akachoka. Na mtumishi wa umma wa nchi yetu haanzi barua hivi hivi kama mtu anayedai simu yake. Hata akiomba balbu, anaanza: Mheshimiwa Waziri, Mheshimiwa Naibu Waziri, Katibu Mkuu, wakurugenzi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Balbu yenyewe inakuja huko chini, giza limeshaingia. Faharasa ikawa inasoma salamu, inalala. Elimu yote ya dola ikawa neno moja. Ukitafuta dawa, hakuna. Ukitafuta daraja, hakuna. Ukitafuta Mheshimiwa, nchi nzima inakumwagikia.

Fundi mkuu, Bwana Makwega, ambaye ni mtu mwembamba anayeomba radhi hata akikanyagwa, alikwenda kumweleza Waziri. Waziri wetu ni Mheshimiwa Daktari Kanali Injinia Njwila Kapombo. Ukanali aliupata bandarini, uinjinia alipewa na wapigakura wake, na udaktari uliletwa kwa posta.

“Tukifupisha salamu kidogo, Mheshimiwa,” Makwega akasema, “Mfumo utafika kwenye habari yenyewe.”

Waziri akavua miwani taratibu.

“Yaani, Makwega, unanishauri niheshimiwe kidogo ili kompyuta isome sana?”

“Hapana, Mheshimiwa.”

“Kompyuta ilinunuliwa na nani?”

“Na wewe, Mheshimiwa.”

“Na mimi nilinunuliwa na nani?”

Swali hilo lilikuwa na jibu, na kila mtu chumbani alilijua, lakini Makwega ana watoto.

Marekebisho yakafanyika bila kugusa heshima. Kuanzia hapo Mfumo ukasoma mwisho wa barua badala ya mwanzo. Na kwetu kila barua huishia “ndimi mtumishi wako mtiifu.” Basi elimu yote ya dola ikahama kutoka Mheshimiwa, ikaenda kupanga chumba kwenye neno mtiifu. Nikaandika maelezo ya toleo: “Utii sasa unapatikana kwa kasi zaidi.” Ni mpaka Waziri alipotafuta tiketi yake ya ndege akaikosa, ndege ikamwacha na begi lake la mikutano, ndipo mafundi waliporuhusiwa kuifundisha faharasa kusoma katikati.

Watu wakaanza kupata barua zao. Mafundi wakaanza kupata usingizi. Na hapo ndipo palipoharibika.

*

Kuna bibi mmoja fundi cherehani, anaitwa Tabu Mashaka. Nyumba yake iko kando ya soko, cherehani yake iko barazani, na nusu ya suruali za mji ule zimepita chini ya sindano yake. Kwetu mtoto huitwa kwa yaliyotokea siku aliyokuja. Ndiyo maana tuna kina Shida, kina Majuto, kina Sikudhani, na wala hakuna anayeshangaa. Ni majina, yanaitika.

Idara ya barabara iliwatuma vijana na kopo la rangi nyekundu wakapige X kwenye kile kijumba cha soko, kile ambacho watu wazima hawakitaji wakiwa wamevaa vizuri, maana kilikuwa kimeinamia barabara. Vijana wakafika, wakakisikia kwa pua kabla ya kukiona, wakaamua kwamba X ni X. Wakaipiga kwenye ukuta wa jirani. Jirani alikuwa Bi Tabu.

Bi Tabu hakulia. Alimfuata injinia wa wilaya mpaka ofisini, akamleta kwa miguu yake mpaka ukutani. Injinia akaona, akaona aibu, akatoa simu palepale akaandika barua pepe kwa idara ya ubomoaji. Akamsomea bibi kwa adabu, akilainisha pale palipohitaji kulainishwa: X imekosewa, nyumba ya Bi Tabu Mashaka isiguswe, kibomolewe kile cha soko.

“Sasa imo kwenye Mfumo, mama,” akasema. “Lala usingizi.”

Kisha injinia akapelekwa masomoni ng'ambo, na tangu hapo simu yake inajibu kwa lugha ambayo Bi Tabu haijui.

Ikawa bado neno moja tu: siku afisa ubomoaji atakapofika, alitafute jina la bibi kwenye simu, aione barua, aende zake.

*

Wiki ileile Ikulu walikuwa wanaandika hotuba. Mwandishi mmoja huko, kijana mwenye bidii ya kujiumiza, akaona atafute kwenye Mfumo neno matatizo, ili hotuba iweze kusema hakuna. Matokeo yakaanza kuja. Yakaja mpaka akaenda kula. Aliporudi yalikuwa bado yanakuja.

Simu ikapigwa. Waziri akatuita sote, hata sisi wa maelezo.

“Nimeambiwa Mfumo wangu umejaa matatizo,” akasema.

“Mfumo hauna matatizo, Mheshimiwa,” Makwega akasema. “Ni barua ndizo zenye matatizo. Mfumo unayaonyesha tu.”

“Na nani aliuomba uyaonyeshe?”

“Ndiyo kazi yake, Mheshimiwa. Ni wa kutafutia.”

“Mimi nina mke miaka yote hii, anajua kutafuta, na ana vitu anavyojua asivitafute. Yatoeni.”

Yakatolewa. Barua zenyewe hazikuguswa, sisi si wahuni. Ni faharasa tu iliyoambiwa isahau. Isahau tatizo na matatizo. Isahau shida, dhiki, kero, tabu na mashaka. Isahau majuto, kwa tahadhari. Asubuhi yake nikatoa maelezo ya toleo ambayo mpaka leo ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizowahi kuiandikia serikali: “Toleo hili limeondoa matatizo yote nchini.”

Ikulu wakatafuta tena. Hakuna kilichopatikana. Wakapiga makofi, tumesikia.

*

Bwana Pazi, afisa ubomoaji, alifika kwa Bi Tabu akiwa na simu ya serikali mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kufuta X?”

“Nimekuja kuangalia kama upo.”

“Si ndiyo hivi unaniona.”

“Kukuona nakuona. Kwenye Mfumo ndiko hupo.”

“Andika tena. Labda umekosea herufi.”

“Tabu hiyo, bibi. Nitakosea wapi?”

“Tafuta Mashaka basi.”

“Mashaka nayo haipo. Ukoo mzima mmeondoka.”

“Na barua ya injinia?”

“Ilikuwa na jina lako?”

“Ilikuwa nalo.”

“Ndiyo hivyo tena. Imeondoka nalo.” Bwana Pazi si mtu mbaya. Alisogea kivulini, akashusha sauti. “Mimi sina neno na wewe, bibi. Hata suruali hii umenishonea wewe. Lakini kanuni inasema X isiyo na barua ya kuitetea ni nyumba ya kubomolewa. Nitakuja na katapila.”

“Hilo katapila, kwenye Mfumo lipo?”

“Lipo.”

“Linaitwaje?”

“Katapila.”

“Bahati yake,” Bi Tabu akasema, akarudi kwenye cherehani.

*

Kesho yake alikuja wizarani. Mapokezi wakamtafuta, hayupo, wakamwambia asubiri mpaka atakapokuwepo. Akaja kukaa kwenye banda la chakula nyuma ya jengo, kwa Bi Sijaona. Huyu ndiye mama lishe wetu. Sijaona ni jina lake la kuzaliwa, na pale wizarani hapakuwa na mtu anayeona kuliko yeye. Nilikuwa mezani na sahani yangu, nikatumwa nimweleze bibi, kwa kuwa mimi ndiye nina maneno.

“Bibi, toleo hili halina tatizo,” nikamwambia.

“Kwa hiyo tatizo ni mimi?”

“Wewe ni Tabu. Tatizo limeondolewa, na wewe kwa bahati mbaya ulikuwa umesimama karibu.”

“Mfaume,” Bi Sijaona akasema, mwiko mkononi, “unaongea na mtu mzima. Tafuna kwanza.”

Na bibi hakuwa peke yake. Daktari Majuto wa hospitali ya mkoa alitafutwa aende chumba cha upasuaji, ikaonekana nchi haina mtu kama huyo, mgonjwa akashonwa na mhasibu aliyekuwa na mikono safi. Mwalimu mkuu Shida aliandikiwa barua ya kujulishwa kwamba hajawahi kuajiriwa, ila barua haikumfikia, maana hayupo. Kijiji kimoja kinaitwa Mashakani. Kilikuwa na shule, zahanati na timu ya mpira. Mbunge wake alikwenda kuhutubia, dereva akakitafuta kwenye Mfumo, akakikosa, wakahutubia pori.

Ikaitwa mikutano. Bi Sijaona akaingiza sufuria, maana kwetu mkutano usio na chakula huwa haufiki kwenye azimio.

“Tuyarudishe yale maneno, Mheshimiwa,” Makwega akasema. “Itakuwa ndiyo marekebisho ya marekebisho.”

“Niirudishie nchi matatizo?” Waziri akauliza. “Mimi? Mwaka wa uchaguzi?”

Feni ikazunguka. Ndipo sauti ikatoka upande wa sufuria, sikumbuki ya nani, maana watu wengi hupenda kukaa karibu na maharage:

“Tuyaite changamoto, Mheshimiwa.”

Waziri alisimama. Sijawahi kumwona mtu mnene akisimama kwa wepesi ule.

“Changamoto!” akasema. “Mmesikia ndugu zangu? Tatizo linakaa, changamoto inapita. Tatizo linauliza nani kalileta. Changamoto haina baba wala mama, inajitokeza tu, kama uyoga! Ukiwa na tatizo unafukuzwa kazi. Ukiwa na changamoto unapelekwa semina!”

Watu wakapiga meza. Huyo mtu wa karibu na sufuria, yeyote yule aliyekuwa, akaahidiwa kiti cha kuzunguka.

Mafundi wakaingia kazini. Kila palipokuwa na tatizo, shida, dhiki, kero, tabu na mashaka, faharasa ikafundishwa kuona changamoto. Nikatoa maelezo: “Toleo hili ni tulivu, na halina kasoro yoyote inayojulikana.” Na bibi yetu wa kando ya soko, aliyelala akiwa hayupo, akaamka yupo, anaitwa Bi Changamoto Changamoto.

*

Msije mkadhani hapo mambo yalikwisha. Bwana Pazi alimtafuta kwa jina jipya. Ikaja kila barua iliyowahi kuandikwa nchini, maana barua gani ya serikali haina changamoto? Na zilikuja kwa itifaki: za Waziri mbele, kisha za manaibu, kisha za makatibu, na za wananchi huko chini kabisa. Pazi akaanza kusogeza kwa kidole gumba. Alisogeza mpaka kidole kikavimba, akafungwa bandeji, naye alikuwa bado kwenye makatibu wasaidizi.

Mafundi walikuwa wamechoka. Ikaonekana njia nyepesi ni kumrekebisha mwananchi, kwa kuwa yeye ni mmoja na hana nyaya. Akienda mahakamani akaapa kwamba anaitwa Changamoto, atakuwa amelingana na Mfumo, na mtu aliyelingana na Mfumo hawezi kulalamika. Nikatumwa mimi.

“Changamoto Changamoto,” Bi Tabu akasema, akilionja lile jina kama mboga isiyo na chumvi. “Mume wangu marehemu akinijia ndotoni ataniitaje?”

“Atazoea, bibi.”

“Mama yangu alikaa na uchungu mpaka wakunga wakaanza kuaga. Nikatanguliza miguu. Akasema, huyu ni Tabu, lakini yupo. Sasa wewe unaniambia mama yangu alizaa changamoto?”

“Na baba yako je? Yeye kwa nini aliitwa Mashaka?”

“Babu hakuwa na uhakika.”

Nilicheka, nikamwambia afikirie. Akaniambia ameshafikiria, na kwamba kola yangu imeshonwa kisenge… naomba radhi, imeshonwa vibaya. Alisema ana nyumba moja na jina moja, vyote alivikuta kwa mama yake, na hatoi kimoja kununua kingine.

*

Kwa hiyo Waziri akaamua kuunganisha shughuli. Uzinduzi wa toleo na ubomoaji vifanyike pamoja, mbele ya wananchi, palepale kwa bibi. Wakaleta maturubai, viti vya plastiki, skrini kubwa, spika za harusi. Katapila likafungwa utepe. Shehe akaalikwa, mchungaji akaalikwa, bendi ya shule ikapiga wimbo ambao haukuwa umeisha kutungwa.

“Ndugu wananchi!” Waziri akanguruma. “Zamani serikali ilibomoa gizani, kama mwizi! Leo tunabomoa kwa teknolojia! Tutaitafuta barua ya mama huyu mbele ya macho yenu. Tukiipata, nyumba itasimama. Tusipoipata, itaanguka kwa uwazi na uwajibikaji!”

Mimi nilikuwa nyuma, katikati ya wauza nyanya. Kitambulisho cha kazi nilikuwa nimekivua, kwa sababu ya joto. Na kwa kuwa umati ulikuwa unazomea, nami nikazomea, tena kuliko wote. Mtu ana haki ya kuumia kwa ajili ya nchi yake.

Bi Tabu alikuwa amekaa barazani, mgongo kwenye X, mkono juu ya cherehani. Walimwambia asogee. Akawaambia hayupo, watasogeza nani?

Pazi akaandika: Tabu. Skrini ikajibu: Hakuna kilichopatikana. Je, ulimaanisha Mheshimiwa? Akaandika: changamoto. Zikaanza kumiminika salamu za pongezi kwa Waziri, moja baada ya nyingine, mpaka watoto wakaanza kuzisoma kwa pamoja kama shairi. Umati ukacheka. Waziri hakupenda kicheko kile.

“Mama,” akasema kwa huruma ya kwenye spika, “hiyo barua yako inataja kitu gani kingine? Serikali hii ni sikivu.”

Bi Tabu akarekebisha khanga yake, akaangalia chini.

“Inataja… msala, Mheshimiwa. Msala wa soko.”

Nyumba na soko zilikuwa na barua nyingi kama changamoto, kwa hiyo Pazi akaandika msala. Hakuna. Akaandika msalani. Hakuna. Mwalimu mmoja mstaafu akapaza sauti, “Maliwato!” Hakuna. “Faragha!” akasema mchungaji. Faragha ilileta barua za Naibu Waziri kwa mtu ambaye si mkewe, skrini ikafunikwa haraka kwa turubai.

Lile neno lenyewe, ambalo kila mtu pale alilijua tangu anatambaa, hakuna aliyelitoa. Mbele ya Waziri? Mbele ya shehe, na mama wakwe wa watu? Sisi si washenzi. Bora nyumba ianguke.

“Tumetafuta,” Waziri akasema, “na historia ni shahidi.” Akakata utepe. Katapila likakohoa, likasogea. Kopo la vifungo likaanguka kutoka kwenye cherehani, vikasambaa barazani. Bi Tabu hakuinama kuviokota. Alimwangalia dereva, dereva akaangalia pembeni.

Mimi nikapanda juu ya kreti la soda.

“Aibu!” nikapiga kelele. “Wapumbavu! Nani aliwapa hilo neno changamoto?”

“Wewe,” sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. Bi Sijaona alikuwa amejitwisha sufuria, amekuja kulisha wageni waalikwa.

“Wewe, Mfaume. Mdomo umejaa maharage yangu. Nikasema huyu mtoto atapaliwa, kumbe anapanda cheo. Kiti cha kuzunguka wamekupa, na mpaka leo unazunguka.”

“Mama, umenifananisha.”

“Nimfananishe mtu anayenimalizia pilipili kila siku?” Akaishusha sufuria chini. Wauza nyanya wakanisogelea. “Na hilo la changamoto ni dogo. Kubwa ni kwamba barua ya huyu bibi unaijua iliko. Juzi, mezani kwangu, wewe na mwenzako wa masjala mlikuwa mnaandika matusi kwenye kiboksi cha serikali muone yataleta nini. Mnaandika hiki, mnacheka. Mnaandika kile, mnacheka. Mkaandika na hilo la soko, ikaja barua ya injinia. Ukaisoma kwa sauti, nyumba ya Bi Tabu Mashaka isiguswe. Nikakwambia, baba, kampelekee bibi. Ulinijibu nini?”

Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri.

“Sema ulinijibu nini! Ulisema, toleo limeshatangazwa halina kasoro, sasa nikisema nimeiona, tatizo nitakuwa mimi.”

Dereva alikuwa amesimamisha katapila ili asikie vizuri. Watu wakaninyanyua kutoka kwenye kreti, wakanipitisha mkono kwa mkono mpaka mbele. Waziri mwenyewe akaninyooshea kipaza sauti.

“Kijana. Neno gani?”

“Mheshimiwa, si la kutamkwa hapa. Labda mama alitamke.”

“Mimi mtu mzima, silitamki,” Bi Sijaona akasema. “Litamke wewe uliyeliandika.”

Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Shehe alikuwa ananiangalia. Mchungaji alikuwa ananiangalia. Mama yangu mdogo, ambaye sikujua kama amekuja, alikuwa ananiangalia.

“Litamke, mwanangu,” Bi Tabu akasema kutoka barazani. “Mimi nimeshaitwa mabaya zaidi.”

“Choo,” nikasema.

Spika za harusi zikalichukua, zikalipeleka mpaka ng'ambo ya soko, likarudi. Pazi akaliandika kwa kidole chenye bandeji. Ikaja barua moja, peke yake, haina Mheshimiwa wala mtiifu: “X imekosewa. Nyumba ya Bi Tabu Mashaka isiguswe. Bomoeni choo cha soko.” Katika dola nzima, tangu Mfumo uanze, ni mtumishi mmoja tu aliyekuwa amekiita kitu kwa jina lake, na tulikuwa tumempeleka ng'ambo.

Katapila likazimwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na Waziri, ambaye hajawahi kuachwa nyuma na vigelegele, akainua mikono yote miwili kutangaza kwamba Mfumo umefanya kazi. Bi Tabu ndipo akainama, akaanza kuokota vifungo vyake.

Nikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Bi Sijaona akanishika kola.

“Ngoja kwanza,” akasema. “Na yale maneno mengine mliyoandika juzi, yale mliyocheka mpaka mkalala juu ya meza. Yalileta barua za nani?”

Waziri akashusha mikono. Na kipaza sauti kilikuwa bado mbele ya mdomo wangu, kinawaka.